Kiapo cha Ruhimbika

Hadassa alisafiri mwendo wa saa tano kwa basi, kutoka Columbus hadi Louisville, huko Marekani, ili amwombe baba yake aape kwamba mama yake amekufa.

Ruhimbika alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, kwenye ghala la vifurushi, na buti zilikuwa bado miguuni. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Sikuona kaburi yake, mwana wangu. Sasa nitaapa namna gani?"

Jambo lenyewe lilianzia kanisani, huko Whitehall, pembeni mwa Columbus, mwezi wa kumi mwaka 2015. Mwalimu Muhoza, aliyewahi kufundisha Minembwe, kwao milimani Kongo, alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba amepata kibarua. Ulaya kuna hifadhi kubwa ya sauti, alisema, ambako tangu zamani watafiti wamekuwa wakiweka nyimbo na masimulizi ya watu wa kila lugha. Wataalamu huzisikiliza watakavyo. Wenye lugha hawajui hata kama zipo. Sasa hifadhi imeamua kuwaingiza na wao, wapitie orodha, wasahihishe majina, waongeze sauti mpya. Kazi ingeanza na Wanyamulenge, watu wa milima hiyo, waliohamia Columbus na Louisville. Wa Buffalo, ambako wengine walikuwa bado wanawasili kutoka kambi za wakimbizi, wangefikiwa baadaye.

Akaanza kusoma orodha. Watu walikuwa wameshaanza kuvaa makoti alipofika kwenye mstari huu: "Wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwimbaji, Nyirakamana, mke wa Ruhimbika. Minembwe, 1996. Dakika nne."

Hadassa alizaliwa mwaka huo. Mtoto aliyebembelezwa alikuwa yeye.

Hakuwa na picha ya mama yake. Alijua habari moja tu, ile aliyosimuliwa na baba. Asubuhi vita vilipofika, mama alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji. Risasi zikalia upande ule. Baba akamfunga mtoto mgongoni, akakimbilia mlimani. Waliopita pale baadaye walisema kwamba mtoni hakupona mtu. Miaka ikaenda, na huko kambini Ruhimbika akamwoa Kabanyana, ambaye alimlea Hadassa bila kumbagua na watoto wa tumbo lake.

Muhoza alijaribu kuufungua wimbo. Ukakataa. Mtafiti wa chuo kikuu angeweza kuusikiliza siku hiyo hiyo. Mtu mwingine yeyote alihitaji kibali cha mwimbaji, au cha warithi wake pamoja na hati ya kifo.

Hadassa aliandika kuomba. Alijibiwa kwa adabu kwamba hati inahitajika. Akaandika tena kwamba katika milima ya kwao hakukuwa na mtu wa kuandika hati za vifo. Wakajibu kwamba wanaelewa na wanasikitika, lakini hati inahitajika. Ofisi ya jiji ilimwambia haiwezi kuandikisha kifo cha Kongo. Mchungaji alitoa ushuhuda wenye muhuri wa kanisa, nao ukarudishwa. Barua zote zilitoka kwa ofisi, hazikuwa na jina la mtu, hivyo hakujua hata amlilie nani.

Siku zote hizo aliendelea kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba alikofanya kazi. Kuna asubuhi alimkuta bibi mmoja, ambaye hakumbuki hata watoto wake, akijiimbia kitandani. Hadassa aliweka sahani chini, akatoka chumbani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ofisi ikalegeza sharti moja. Wangepokea kiapo cha mume.

Ndiyo maana alikuwa ameketi jikoni kwa baba yake, mtaa wa Beechmont, Louisville, karatasi iko mezani. Ruhimbika hakuigusa.

"Papa," Hadassa aliuliza, "sauti yake ilikuwa nzito ao nyembamba?"

Kabanyana, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kumenya.

"Nimesahau," mzee alisema.

Kesho yake Ruhimbika alivaa koti la kanisani, wakapanda basi mpaka benki moja yenye karani anayeshuhudia viapo. Karani alimwambia ainue mkono wa kulia, akauliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Hadassa akatafsiri. Mkono ukabaki juu. Karani akarudia swali, na safari hii Hadassa hakutafsiri. Alimtazama tu baba yake.

"Ndiyo," Ruhimbika alisema.

Siku tatu baadaye Kabanyana alipiga simu Columbus. Alisema mzee hali chakula, anarudi kazini na kulala. "Anasema ni sasa ndiyo amemuzika bibi yake wa kwanza," Kabanyana alisema, "na amemuzika na kalamu." Hadassa alitamani kukirudisha kile kiapo. Kilikuwa kimekwisha tumwa.

Jibu lilifika mwezi wa nne, wakati wa mapumziko kazini. Alilisoma amesimama koridoni. Ofisi ilimshukuru kwa kiapo na kumwambia kwamba hakitahitajika tena: kazi ilikuwa imeanza Buffalo, na Jumapili iliyopita mwimbaji mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Wimbo sasa uko wazi kwa wote. Mwimbaji aliomba jambo moja tu, kwamba chini ya jina lake yaandikwe maneno haya: "Kwa kumbukumbu ya mume wangu Ruhimbika na mtoto wetu Hadassa, waliofia mlimani."