Mtutu wa Mwisho

Mtutu wa mwisho ulikataa kutobolewa. Biti ya kawaida ya kutobolea chuma iliteleza juu yake, ikalia, ikawa butu. Koo mbili zilikuwa zimepatana bunduki zote zitobolewe hadharani, zisifyatue risasi tena.

“Fundi, huu wa wenzetu mbona unaubembeleza?” akauliza Mzee Lukindo wa ukoo mmoja. “Wetu uliupasua kama papai.”

“Huu chuma chake kimetiwa ugumu kwa juu, mzee.”

“Au wamekupa chai?”

Watu wake wakaanza kusimama na marungu yao. Fundi Kibwana akafunga biti ya kabaidi, ngumu kuliko zote, ila hupasuka ikisukumwa kwa pupa. Ilitaka subira. Akawatazama, akaikandamiza.

Tundu likapita, biti ikaruka vipande. Wazee wakapeana mikono. Kibwana alibaki ameinama, kiganja usoni. Zilikwenda biti mbili na jicho moja.