Chouchou Hali, Chouchou Ananenepa

Mtoto hali, na mashavu yake yanazidi kujaa.

Taonga aliigonga mizani kwa kidole, akamlaza Chouchou juu yake kwa mara ya pili. Uzito umepanda tena. Akamwinua na kumrudisha mapajani kwa Claire, mama yake.

"Tujaribu tena. Polepole."

Claire akamlaza mtoto ubavu, kama alivyofundishwa. Taonga akampapasa shavu kuelekea mdomoni, akadondosha tone la maziwa kwenye mdomo wa chini, akangoja. Chouchou akafumbua jicho moja, akamtazama kama chifu anavyomtazama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Akapiga mwayo. Akalala.

"Iko anakatala," akasema Mama Yolande, bibi yake mtoto, kwa huzuni nzito. "Docta, utarudia lini?"

Chouchou alizaliwa kwa mimba ya miezi saba, njiti wa kweli, mdogo hata kofia ya soksi ilimshuka mpaka mabegani. Hospitalini alilishwa kwa mpira uliopita puani. Waliporudi naye hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi wa Kongo, kila tone lilimpalia. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na Claire akawa anaogopa kumshika mwanawe mwenyewe. Ndipo Taonga akatumwa kutoka Nchelenge kwa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa namna hiyo kunyonya, kumeza na kupumua bila kuvichanganya. Chouchou alikuwa mtoto wa kwanza ambaye Taonga alikabidhiwa amhudumie peke yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chouchou alinyonya kidole, kisha titi, mafunda machache na kupumzika. Halafu, ghafla, akagoma. Kila Taonga alipofika, mdomo ulifungwa kama duka siku ya Jumapili.

Claire na mama yake walisema wanamnywesha kwa kijiko, na nusu inamwagikia shingoni. Mtoto wa kijiko hanenepi hivi! Taonga akaishuku mizani, akapima mfuko wa chumvi. Mizani haikudanganya. Akashuku uji.

"Mama, munamupatiaka uji?"

"Uji?" Mama Yolande akainua mikono yote miwili. "Mbele ya Mungu, docta, hapana uji mu hii nyumba!"

Dan, kaka yake Claire, alikuwa pembeni akiosha pikipiki ya Taonga, ambayo haikuwa chafu. "Mutoto hapendi uji," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akarudi nyuma, akakalia ndoo, na ndoo ikamshika.

Jioni hiyo Sampa, mkubwa wake Taonga kazini, alimpigia simu. Hakuwa na maneno mengi. "Kama hanyonyi mpaka Jumatatu, tumpeleke hospitali ya Mansa. Arudishiwe mpira."

Usingizi ukamkimbia Taonga. Aliwaza safari ile ndefu, aliwaza ule mpira, na uso wa Claire siku watakapomwambia. Akaona yeye ndiye aliyeshindwa. Labda alibonyeza pasipobonyezwa. Labda mtoto alikuwa amemchukia.

Jumamosi walimtarajia mchana. Yeye akafika asubuhi, akaacha pikipiki sokoni kwa mama mmoja muuza kapenta, dagaa wakavu, akaja kwa miguu, akachungulia kwenye ua wa matete.

Chouchou alikuwa ananyonya.

Ananyonya hasa! Mafunda kadhaa, anapumua, anatulia, anaendelea, sawasawa na alivyofundishwa. Vidole vyake vimelikamata titi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Machozi yakamlenga Taonga.

"Shiba, mama, shiba kabisa," Mama Yolande alikuwa anamwambia mjukuu wake. "Docta asikukute na njaa hata kidogo. Siku utanyonya mbele yake, njo siku atatuaga."

"Mama, ni zambi hii," Claire akasema huku anacheka.

"Zambi gani? Zambi ni Dan kuzeeka bila kuoa! Mwanamuke wa namna hii, anafika mwenyewe mu lupango, mpaka ku mulango yetu, na pikipiki yake, unataka niache aende?"

Mlangoni akatokeza Dan, amejipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa, shati moja mwilini na lingine mkononi. "Mama, hii ama ile ya bleu?"

"Ile ya bleu. Na leo uongee! Kila mara uko unaosha tu pikipiki. Utaoa pikipiki?"

Nyuma ya matete, damu ilimpanda Taonga. Vumbi lote lile! Mafuta ya pikipiki! Usiku mzima anajilaumu! Mkono wake ukafika kwenye lango.

Ukabaki hapo: ndani, Dan alikuwa anafunga vifungo vya shati la bleu kombokombo, na Taonga akajikuta anatabasamu.

Akageuka, akarudi sokoni, akampigia Sampa. "Amenyonya. Nimeona kwa macho yangu. Hakuna haja ya Mansa."

"Safi sana," Sampa akasema. "Basi kazi ya huko imekwisha."

Taonga akajifuta vumbi usoni mbele ya kioo cha pikipiki, akaiwasha, akaja anapiga honi tangu mbali. Alipoingia, kila mtu alikuwa amekwisha kushika nafasi yake: Claire ameinamisha kichwa, Mama Yolande anaguna, Dan ameegemea nguzo na kufungua mdomo bila neno kutoka. Chouchou alikuwa amelala fofofo, tone la maziwa kidevuni.

Taonga akanawa mikono, akapiga magoti. Akampapasa mtoto shavu. Akangoja. Akangoja tena, muda mrefu, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Awe, hapana, bado sana," akasema, macho yameelekea nguzo aliyoegemea Dan. "Itabidi nifike kila siku."