Jani Jekundu

Ilikuwa suti bora kuliko zote alizowahi kushona, na Jumamosi alfajiri, mlango ukiwa na komeo, fundi alikuwa akiifumua.

Alianzia kwapani. Alikata mshono kwa wembe, akang'oa uzi mweusi usioshika moto, kisha akashona upya palepale, tundu kwa tundu, kwa uzi mweusi mwingine. Kwa macho huwezi kuzitofautisha nyuzi hizo mbili. Kabla ya kuanza alikuwa amezijaribu kwa kiberiti. Ule wa kwanza ulififia rangi tu, ukabaki mzima. Wa pili ulijikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi sakafuni. Fundi alilitazama lile tone, akaridhika.

Suti ilikuwa ya binti yake.

Usimhukumu haraka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mama alikuwa na mwana mmoja tu, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye watu wa mbio za pikipiki walimwita Nyigu, kwa kiuno chake chembamba na hasira zake za karibu. Baba yake Nyigu alifia uwanja wa mbio hizohizo, kona ya tatu. Alianguka, petroli ikamwagika ikawaka, uzi wa suti yake ya dukani ukayeyuka na ngozi ikaachia mgongoni kote. Mjane wake aliacha kushona magauni, akaanza kushona suti za mbio, na kwa miaka ishirini hakuna aliyeungua ndani ya kazi yake. Sasa Nyigu alikuwa anaingia fainali itakayopita kona ileile. Mama amesema, amelia, amepiga magoti. Binti ametia pamba masikioni.

Ikabaki njia moja, nayo ni Mzee Kiberiti.

Huyo ndiye mkaguzi wa suti, mwanamume mkavu asiyekula rushwa wala kucheka. Asubuhi ya mashindano huchomoa uzi kwenye suti ya kila mshindani, akauwekea moto. Ukiyeyuka, suti imekataliwa, na mwenyewe haingii uwanjani msimu mzima. Hata mpwa wake aliwahi kumrudisha nyumbani akilia. Na hakuna ajuaye atachomoa wapi, maana leo ni kwapani, kesho ni gotini. Ndiyo sababu fundi hakuweza kubadilisha mshono mmoja akapumzika. Alibadilisha yote.

Alijua itamgharimu nini. Kesho uwanja mzima utajua kwamba suti ya fundi yule imeyeyuka, na jina alilolijenga miaka ishirini litakuwa la kuchekea. Mwaka jana tu Mzee Kiberiti alimwambia, "Mafundi wote wangekuwa kama wewe, mama, kiberiti changu kingeota kutu." Maneno hayo yalimuuma kila alipotunga uzi sindanoni. Lakini jina likifa huchimbi kaburi. Liwalo na liwe.

Alasiri Nyigu alikuja kuichukua suti. Aliivaa palepale, akajigeuza mbele ya kioo, akapitisha kidole ndani ya kola.

"Mama, jani liko wapi?"

Jani lilikuwa alama ya fundi, dogo, la uzi mwekundu. Hakuna suti iliyotoka mikononi mwake bila jani.

"Nimesahau."

"Wewe? Usahau jani?" Nyigu alivua suti, akamwekea mapajani. "Watu watasema nimenunua dukani. Nitilie tu, mama, ni dakika moja."

Kweli hakusahau. Mkono wake ulikuwa umekataa kuitia sahihi kazi ile. Lakini akigoma ataulizwa kwa nini, na uongo haukuwa fani yake. Alichukua uzi mwekundu, akashona jani, mishono saba, binti amemsimamia huku anapiga mluzi.

"Ukirudi mapema kesho, nipo hapa," mama alisema.

"Mapema wapi, mama? Fainali ni saa nne. Labda nimalize mbio kabla hazijaanza."

Alicheka peke yake, akatoka na suti begani.

Jumapili fundi hakwenda uwanjani. Ukaguzi ulianza saa mbili. Saa tatu alichemsha chai ya watu wawili. Aliweka mezani ule uzi mzuri, tayari kuirudishia suti mishono yake, akapanga maneno ya kumwambia mtoto atakayeingia akibamiza mlango. Alijua atatukanwa kimyakimya kwa wiki nzima, na moyo wake ulikuwa umekubali. Saa tatu na nusu ikapita. Alifungua mlango, akatazama barabara, akaufunga. Chai ikaota utando juu.

Simu ililia. Fundi alishusha pumzi ndefu.

"Pole, mwanangu," alisema, hata kabla ya kusikiliza.

"Pole ya nini?" Nyigu alikuwa akipaza sauti juu ya ngurumo za pikipiki. "Mama, leo ungekuwepo ungetokwa na machozi. Mzee Kiberiti amechoma uzi wa kila mtu. Ilipofika zamu yangu, akafunua kola, akaliona jani, akarudisha kiberiti mfukoni. Anasema kazi ya jani jekundu ameichoma miaka ishirini na haijayeyuka hata siku moja, kuichoma tena ni kukuvunjia heshima. Haya, wananifunga helmeti."

Mama alifungua mdomo, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili.