Habari za Mtoto wa Valerian

Hilaria aliketi kwenye kigoda cha mlangoni, mbali na kitanda, kama alivyofanya kila Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huko mbali tena?"

"Hiyo dawa yako ya kuchua, mama. Harufu yake inanichefua."

Mama Salvina hakumlazimisha. Tangu apatwe na kiharusi miguu ilikuwa haimbebi, na macho yake yalibakiwa na uwezo wa kuona mwanga na kivuli tu. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Nusu ya watu wa kijiji kile cha Kilema walizaliwa mikononi mwake. Sasa alimngoja mtoto mmoja tu, wa Valerian, mwanawe wa pekee. Valerian alikufa kwa ajali ya pikipiki miezi mitano iliyopita, akamwacha mkewe Hilaria na mimba changa.

"Haya, nipe habari."

Habari hazikukosekana. Kila Jumamosi Hilaria alipanda mlima kwa daladala kutoka Soweto, mjini Moshi, akisoma kijitabu cha kliniki njia nzima. Mimba ilipofika mwezi wa tatu alisimulia vidole vilivyokwisha kuachana na kucha zilizoanza kuota. Mwezi wa tano alisema mtoto anasikia. Mama mkwe akaomba mtoto aitwe kwa jina la baba yake, naye Hilaria akainama, akaita, "Valerian." Siku ile alirudi mjini akilia ndani ya khanga.

Leo ilikuwa zamu ya mwezi wa saba.

"Amefumbua macho, mama. Anaona mwanga."

"Mwanga tu?" Mama Salvina akacheka kidogo. "Basi tuko sawa mimi na yeye. Anacheza?"

"Sana. Hatulii, kama baba yake."

Kikongwe akageuza uso kuelekea mlangoni. Nje, ng'ombe alikuwa akitafuna majani ya migomba.

"Njoo hapa."

"Mama, ile harufu..."

"Njoo, Hilaria."

Akasogea taratibu, ameshika dera lake kwa mbele kwa mikono miwili. Mkono wa mama mkwe ukapapasa hewani, ukalipita tumbo bila kuligusa, ukamfikia shavuni. Shavu lilikuwa limelowa.

"Miezi saba humbadilisha mtu mwendo," mama Salvina alisema polepole. "Wewe bado unatembea kama siku ile Valerian alipokuleta hapa kunisalimia. Nimesikia hatua zako tangu zamani, nikanyamaza. Kila ulipokuja, mwanangu Valerian alikuwa hai kidogo. Lakini nimekuachia mzigo huu peke yako muda mrefu mno."

Akamvuta, akamlaza kichwa kifuani pake.

"Sasa niambie, mwanangu. Mimba ilitoka lini?"