Peni ya Shingoni mwa Hamdi

Hamdi alipoingia kuoga, Bisharo alikuwa tayari ameshika wembe.

Ushanga ulikuwa juu ya mto, pale pale Hamdi alipouacha kila asubuhi bila wasiwasi, maana nani atamwibia nyumbani kwa mumewe? Bisharo alikata uzi, akachomoa peni ya katikati, akaingiza nyingine, akafunga fundo. Mwanamke anayepima maziwa ya ngamia sokoni kila siku bila kumwaga tone hatishwi na uzi.

Peni zenyewe ni zile senti kumi za mkoloni, kubwa, zenye tundu katikati. Mama mkwe alizitunga pamoja na shanga nyekundu, akazivaa hadi kufa kwake. Bisharo ndiye aliyemwogesha bibi yule alipougua akawa hainuki kitandani, akamlisha uji, akamgeuza ubavu huu na huu. Bibi akafa, mwanawe Umuro akaoa mke wa pili, Hamdi, msichana wa mtaa wa Kiwanjani mwenye hina hadi kwenye viwiko, na ushanga ukaenda shingoni mwa Hamdi. Bisharo aliambulia kigoda. Kigoda, jamani.

Hayo angeyameza, kwani alishameza mengi. Lakini kwenye harusi moja mtaani Wabera, mtu wa Meru aitwaye Mwongera, mnunuzi wa sarafu za kale, alimwona Hamdi akipita. Akamwita Umuro kando, akaomba ruhusa autazame ule ushanga. Akasema kuna peni hapo katikati yenye herufi ndogo chini ya mwaka, na wenye kukusanya sarafu wanazitafuta sana za namna hiyo. Angekuja Ijumaa na lenzi yake, na ikiwa ni yenyewe angelipa pesa ya kutosha kununua friji. Umuro hakungoja hata wali uive. Alitangaza hapo hapo kwamba Hamdi atafunguliwa duka la maziwa.

Bisharo ameuza maziwa juani tangu alipozaa kifungua mimba wake, kwenye meza ya mbao, yakimchachia kila adhuhuri, na hakuna siku Umuro alitamka neno friji. Sasa huyu, ambaye hawezi kutofautisha maziwa ya leo na ya jana, ndiye apewe duka? Wivu ulimshika. Pesa yenyewe hakuitaka. Alitaka Hamdi akose, basi.

Shida ilikuwa ni peni ya kuweka badala. Siku hizi ukiiulizia sokoni wanakucheka. Bisharo alikuwa na moja tu, ya marehemu babake, mchunga mifugo wa kijiji cha Kipsing. Mzee alirudishiwa kama chenji miaka hiyo, na kila duka likaikataa kwa sababu haikuwa na tundu. Alizoea kusema kwamba Mzungu alichoka kabla ya kumaliza kazi. Alimpa Bisharo siku ya kuolewa kwake, kwa mzaha tu, na Bisharo akaifunga kwenye kitambaa.

Bila tundu haikutungika. Akaipeleka kwa Nakaale, fundi wa sufuria. Nakaale aliigeuzageuza, akamuuliza kama kweli ana hakika.

"Toboa," Bisharo alimwambia. "Umeona wapi peni isiyo na tundu?"

Nakaale akatoboa, akalipwa maziwa nusu lita. Nyumbani Bisharo aliisugua kwa masizi hadi ikafanana na zile nyingine.

Ijumaa, baada ya swala, Mwongera alifika. Bisharo alipika chai mwenyewe, akaketi karibu asipitwe na neno. Hamdi alivua ushanga akauweka mezani, uso unacheka. Mwongera aliinamia peni na lenzi yake, akakaa hivyo kwa muda. Mwishowe akasema herufi haioni, na hata mwaka si ule. Labda taa za harusini zilimdanganya. Aliomba radhi.

Hamdi alinyoosha mkono auchukue ushanga wake. Umuro alitazama chini. Bisharo alipiga funda la chai, na tangu siku ya ile harusi hakuwa ameonja chai tamu kama hiyo.

Mwongera alikuwa anaurudisha ushanga pale kidole gumba chake kilipopita juu ya tundu la peni, kikasimama. Alirudisha lenzi jichoni. Kisha akauweka ushanga mezani polepole, akashika kichwa.

Umuro alimuuliza kuna nini.

"Tundu hili si la kiwandani," Mwongera alisema. "Ni dogo kuliko inavyotakiwa, na lina makwaruzo ya drili. Peni hii ilitoka kwa Mzungu ikiwa nzima. Hizo ni za kuhesabu kwa vidole duniani, na mimi nimezeeka nikiitafuta moja. Kama isingetobolewa, mzee, leo hatungezungumza mambo ya friji. Tungezungumzia ploti, na nyumba juu yake. Sasa ni ya kutungia shanga tu."

Umuro alimgeukia Hamdi, akamuuliza nani aliyeitoboa. Hamdi alisema hajui, ushanga aliupokea ulivyo. Machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo Bisharo naye akalia. Alilia kwa sauti kuliko mwenye ushanga, amejishika kifua, akimwita marehemu babake, hadi Mwongera akaona aibu, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni. Hamdi alisogea, akamkumbatia Bisharo.

Umuro aliwatazama wake zake wawili, naye akajifuta macho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Leo nimeamini mnapendana."