Damu Iliyoandikwa Jina la Awali

Shomari wa maabara alishika mfuko wa damu mkono mmoja na kadi ya kliniki mkono wa pili, akasoma upya. Kwenye mfuko: Mwajabu Mbaruku. Kwenye kadi: Mwajabu Sengondo.

"Ni mimi yule yule," alisema Mwajabu, ameegemea meza kwa uzito wa mimba. "Hiyo damu kaka yangu kanitolea mimi. Nimeolewa juzi, nikabadilisha jina."

"Hongera, dada. Nakuamini. Lakini majina yasipolingana siruhusiwi kuitoa."

"Na upasuaji ni kesho asubuhi."

"Najua. Anayebadilisha lebo ni mkuu wetu, naye keshaondoka. Simu yake haipatikani."

"Mume wangu ndiye aliyeharakisha ndoa. Hakutaka mwanawe azaliwe kwa jina la watu wengine."

Shomari alichukua kalamu, akaisimamisha juu ya lebo, kisha akaiweka chini. Akaurudisha mfuko kwenye jokofu, kando na mingine.

"Nitamsubiri mkuu getini alfajiri," alisema.

Mwajabu hakuondoka. Aliweka kiganja kwenye mlango wa jokofu, akalisikia likitetemeka.