Keki ya Kutazamwa

"Ukiilamba hiyo nitakukata kidole," Mwanya alimnong'oneza binti yake, huku akitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Keki ilikuwa katikati ya meza, imekatwa kipande kimoja tu. Ni ileile ya wiki iliyopita. Pembeni imeshapasuka kama kisigino kisichojua mafuta, lakini ukiwa mlangoni, ilikuwa keki.

Sauti za wageni zikasikika barazani. Mume akamzungushia Mwanya mkono begani.

"Mkono usishuke, baba. Nikimwambia mkeo, leo unalala njaa."

Maana hakuwa mumewe. Alikuwa fundi rangi, kuta zile kazipaka yeye, akabakizwa kwa sababu suti ilimkaa. Mwanya alichaguliwa kwa lile pengo la meno ya mbele lililompa jina. Akicheka, hata mfiwa hugeuka kumtazama. Kazi yao ilikuwa moja: kuishi kwa furaha ndani ya nyumba ya mfano, asubuhi mpaka jioni, ili wanaokuja kutazama nyumba za kuuzwa waione raha na kuitamani. Nyumba bila watu, alisema msimamizi, ni jeneza lililopakwa rangi.

Msimamizi huyohuyo aliweka ahadi. Nyumba ikipata mnunuzi, Mwanya atapewa chumba cha uani, awe mtunzaji. Chumba kina dirisha. Anakokaa yeye hakuna dirisha. Kuna ukuta unaotoa jasho kumshinda mchukuzi, na kifua cha binti yake kinapiga filimbi usiku kucha. Kwa ajili ya dirisha lile, Mwanya angecheka hata anang'olewa jino.

Na alicheka. Lakini wageni wa siku ile walikuwa wagumu kama kiatu kipya. Waligongagonga milango, wakakunja midomo, wakarudi barazani kuteta. Isipokuwa bwana mmoja na mkewe. Hao waliganda.

Mke alivaa gauni la hariri na viatu virefu, na kila hatua kisigino chake kilitoka na kurudi. Matajiri bwana, Mwanya akawaza, hata miguu yao inaingia kwenye viatu ikipenda. Mumewe alifungua bomba la jikoni, akayatazama maji kama anayemtazama bibi harusi, akalifunga polepole. Kisha, akidhani haonekani, akamega keki, akaitia mfukoni mwa koti.

Binti alifumbua mdomo. Mwanya akamkanyaga chini ya meza. Mwenye nacho huongezewa; na asipoongezewa, hujiongeza.

Yule mke akaja mpaka mezani. "Samahani, dada. Hivi mnaishi hivi kila siku?"

"Kila siku, dada yangu."

"Na usiku mnalala?"

"Kama magogo! Huyu mume wangu ndiyo usiseme. Anakoroma mpaka mapazia yanacheza."

Fundi rangi akacheka kwa kifua, akambusu Mwanya kwenye paji la uso kama walivyofundishwa. Mgeni hakucheka. Macho yalimjaa maji. Akamgusa binti shavuni.

"Na huyu hajui njaa," akasema, wala hakuwa anauliza.

Mwanya akacheka kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kucheka, kicheko cha kununulia dirisha.

"Tunaichukua!" yule mke akapaza sauti, uso kauelekeza barazani. "Mume wangu, tuichukue leo hii, kabla watu hawajatuwahi!"

Kule nje mateto yakakatika. Watu wakaanza kusogea.

Mwanya alitaka kumwangukia miguuni. Akajizuia, mwenye nyumba haanguki miguuni pa mgeni.

Jioni kengele ikalia. Fundi rangi akaondoa mkono begani mwa Mwanya kama anayetua ndoo, akaenda zake bila kuaga. Mwanya na binti yake wakavaa nguo zao, wakakunja zile za kazi, wakatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuzirudisha stoo. Kila jioni ndivyo ilivyokuwa: unapanga foleni, unapitisha furaha yako dirishani, mtunza stoo anaikagua kama ina doa.

Kichwani Mwanya alikuwa ameshahama. Kitanda cha binti kakiweka chini ya dirisha, upande wa hewa. Hata msumari wa kutundikia taulo alishaugongelea.

"Mama, kazi si imeisha? Unacheka nini?"

"Hiki kicheko ni changu mwenyewe. Sogea."

Foleni ikasogea. Mwanamke aliyekuwa mbele yao alikuwa pekupeku, kisigino kimechubuka. Alikuwa anapitisha dirishani gauni la hariri na jozi ya viatu virefu. Kando yake mwanamume mmoja alikuwa akihamisha makombo ya keki, kutoka mfuko wa koti kwenda mfuko wa suruali yake.

Mwanamke akageuka. Akaliangalia gauni la Mwanya lenye kiraka. Akamwangalia binti, aliyeanza kukohoa.

"Hata nyinyi mnalipwa?" akasema. "Na mimi nishawapigia wanangu simu, nikawaambia watu wenye furaha wapo, nimewaona kwa macho yangu."